Ukaguzi Bila Nyayo

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepigwa na butwaa. Mkurugenzi wa Halmashauri kabandika chati ukutani, pale kwenye korido, kila mtu aione. Hata mama wa chai kaiona. Wakaguzi wa afya, wiki iliyopita: Tochi, mikahawa kumi na minne. Mimi, miwili. Miwili! Nilidhani ni mitatu. Nikahesabu tena kwa vidole. Miwili.

Si haki. Tochi ni mwenzangu kitengoni, mama mtu mzima, anatembea na tochi mchana kweupe. Ndiyo maana ya jina. Anapiga magoti kwenye jiko la mkahawa, anamulika chini ya sinki, nyuma ya kabati, mpaka ndani ya bomba. Hakai. Hanywi chai ya mtu. Mimi nina utu. Nikikaribishwa kiti, nakaa. Nikiulizwa habari za nyumbani, natoa zote.

Mkurugenzi kasema wakaguzi wa nje wanatakiwa kuongeza ufanisi. Katamka "ufanisi" mara kumi na moja. Mwisho wa mwezi atamteua Mkuu wa Kitengo. Atakayeteuliwa anapata chumba chenye dirisha. Mimi nakaa nyuma ya kabati la mafaili, najua saa kwa kusikia watu wakienda kula. Jioni wenzangu walipoondoka nimelipima lile dirisha kwa mikono. Pazia la mita mbili litatosha.

Nyumbani mke wangu alikuwa akinieleza jambo fulani la rangi. Sikulisikia vizuri. Nilikuwa nawaza dirisha.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata! Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu, wazo likaja lenyewe. Kwa nini mkaguzi aende jikoni? Jiko si linaweza kuja kwa mkaguzi?

Mpango: kila mwenye mkahawa upande wangu wa mji apige picha za jiko lake, anitumie kwenye simu. Mimi nitakaa kitini na kutoa alama. Mikahawa thelathini na mmoja kwa siku moja! Nimeuita Ukaguzi Bila Nyayo. Jina limenitoa machozi.

Mkurugenzi alipousikia alisimama. Akakaa. Akasimama tena. Akaniuliza mawazo kama haya nilikuwa nimeyaficha wapi miaka yote. Nikamjibu kwa unyenyekevu kwamba nilikuwa nasubiri wakati wake.

Tochi akauliza swali moja tu: picha itanuka? Watu wakacheka. Sikujua wanamcheka nani, nami nikacheka. Akasema yeye ataendelea na miguu yake.

Nikatuma ujumbe kwa wote. Dakika hiyohiyo akaja Kipara, mwenye mkahawa nyuma ya ofisi yetu, jasho linamtiririka utosini. Akataka kujua jiko linalotakiwa ni la namna gani hasa. Nilikuwa na shughuli. Nikamwambia liwe kama la nyumbani kwangu, basi. Akaniangalia kwa muda. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mimi sisemi jambo mara mbili.

Alhamisi, 7 Agosti

Siamini macho yangu. Picha zimekuja zote! Mikahawa thelathini na mmoja, kabla ya saa sita mchana! Hawa ni watu ambao mwaka jana nilikuwa nawafuata miezi mitatu kwa sahihi moja tu.

Na majiko yenyewe! Nilibaki mdomo wazi mpaka mama wa chai akaniuliza kama jino linauma. Kuta za kijani kibichi. Vikombe vimening'inizwa kwa mikono yake kwenye misumari, vimepangwa kwa ukubwa. Sufuria zimefunikwa kifudifudi, zinang'aa kama vioo. Dirishani pazia la manjano. Kuna aliyepiga sinki, kuna aliyepiga rafu, kuna aliyepiga mlangoni kwa mbali. Yote safi.

Nimegundua jambo. Wote wamepaka kijani! Na wote wanapenda mapazia ya manjano! Nimeandika kwenye ripoti: "Wamiliki wameonyesha umoja usio wa kawaida katika uchaguzi wa rangi." Nimewapa wote alama mia kwa mia. Nilimaliza saa nane na nusu. Nikapata usingizi kidogo kitini.

Nyumbani kulikuwa na vikombe vingi vichafu kwenye karai la uani. Mke wangu alikuwa amechoka lakini ana furaha. Kasema wageni wangu wamekwisha wote. Nikaitikia. Sijui ni wageni gani.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku kuu ya maisha yangu, na jioni ya ajabu.

Asubuhi Mkurugenzi kasoma ripoti yangu mbele ya kikao. Thelathini na mmoja! Makofi. Ripoti imepelekwa kwa Mwenyekiti wa Halmashauri mwenyewe. Tochi aliomba kuziona picha. Akaziangalia taratibu, moja baada ya nyingine. Kwenye ya sita akaanza kukohoa. Akasema anaomba kwenda nje kidogo. Wivu ni maradhi.

Jioni nikaona si vibaya mke wangu naye ajifunze. Nikamwonyesha ile picha nzuri kuliko zote, ya rafu na pazia. Nikamwambia atazame wenzake wanavyotunza jiko.

Akatazama. Akatazama tena. Akanitazama mimi.

Akauliza, "Mwenye jiko hili ana mume?"

Nikamwambia lazima anaye, na huyo mume ana bahati kubwa, kila siku anakula mahali kama hapo.

Akauweka upawa mezani taratibu. Akaingia chumbani akafunga mlango. Chakula kilikuwa bado jikoni, na mlango wa jikoni ulikuwa umetiwa kufuli. Sikujua kama mlango ule una kufuli! Nalala na njaa. Nimeshangaa sana.

Jumamosi, 9 Agosti

Hakuna chai. Hakuna mkate. Binti zetu pacha wameshiba, mdomoni wana mabaki ya mayai, na wamekataa kuniambia wamekula wapi. Mmoja akaniambia, "Baba, itazame ile picha vizuri." Nikamwambia nimeitazama vya kutosha, nimeipa mia.

Mchana njaa ikanizidi. Nikasema sina shida, mimi ni mtu mwenye mikahawa thelathini na mmoja safi kabisa. Nikaenda kwa Kipara. Nikala wali na mchuzi wa nyama, sahani mbili. Mchuzi ulikuwa na uchachu fulani, nikadhani ni ndimu. Kisha nikaenda nyuma kunawa mikono.



Kuku! Kuku mzima anatamia ndani ya beseni la kuoshea vyombo! Mpishi anaosha sahani pembeni yake kwa adabu, asimsumbue. Maji machafu yamefika kwenye vifundo vya miguu, watu wanarukia matofali kama wanavuka mto. Kuta nyeusi tii. Nyama iko dirishani, imefunikwa na kitu kinachotembea. Nikakipungia mkono, kikaruka chote kwa pamoja.

Nikamshika Kipara shati. Nikamuuliza liko wapi jiko la kijani. Pazia la manjano liko wapi?

Kipara akashangaa kuliko mimi.

"Si kwako, Bwana Afya?"

"Kwangu wapi?"

"Nyumbani kwako! Si ulisema liwe kama la nyumbani kwako? Nikawaambia na wenzangu. Tukaenda wote tukapiga picha. Tena shemeji katupokea vizuri mno, katupa chai, kila mtu na kikombe chake."

Nikakaa kwenye tofali. Tofali likazama.

Nikakimbia nyumbani. Nikazunguka uani, nikachungulia dirisha la jikoni kwa nje. Kijani. Vikombe kwa ukubwa. Pazia la manjano. Na pazia lenyewe lina mfuko! Na vifungo! Ni shati langu la manjano nililolitafuta miaka miwili!

Jumatatu, 11 Agosti

Sikuandika jana. Tumbo. Sitaki kueleza. Nimeijua njia ya chooni hata nikiwa nimefumba macho. Kumbe haikuwa ndimu.

Mke wangu hakuniacha nife. Kaniletea maji yenye chumvi na sukari, kikombe baada ya kikombe. Leo mchana nilipopata nguvu ya kukaa, nikamwambia najua. Nimejua ni jiko letu.

Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Walikuja siku mbili mfululizo," alisema. "Wakaniambia mume wako kasema jiko liwe kama lako. Nikafurahi. Nilisugua mpaka kucha zikaisha. Nikasema kumbe ananiona. Kumbe kazini kwake ananitaja."

Nikavuta shuka.

"Nilikuambia napaka rangi. Nimepaka peke yangu, juu ya meza, pacha wameshika ndoo. Miaka kumi na mmoja nakupikia mle ndani. Ukaniletea picha ya jiko langu unifundishe usafi."

Nilitaka kusema neno zuri. Nilitafuta sana. Nikasema picha hazikuwa na mwanga wa kutosha.

Akachukua kikombe akaondoka. Maji yalikuwa bado nusu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda kazini nikiwa mwembamba. Nia yangu ilikuwa kuizika ripoti kimyakimya, niseme simu imeharibika. Nimechelewa!

Mkurugenzi kanidaka mlangoni, anacheka kwa meno yote. Mwenyekiti wa Halmashauri kafurahi mno. Keshokutwa anakuja na wajumbe wanne kuutembelea mmoja wa mikahawa yangu ya kijani. Watakula hapohapo mchana. Nichague mimi ni upi.

Nikamwona Mwenyekiti anaruka matofali. Nikamwona yule kuku.

Nikamuuliza kama Mwenyekiti ni mtu wa kula sana. Kasema sana.

Lakini akili yangu haijawahi kuniangusha. Saa nne nilikuwa na mpango. Wanataka jiko la kijani? Watalipata. Nitatundika kibao mlangoni kwangu: MKAHAWA. Nitaweka viti barazani. Mke wangu atapika, watakula, watasifu, wataondoka. Nani atajua?

Kazi ilikuwa kumwambia mwenyewe. Nilijiandaa kupiga magoti, nilitandika hata taulo. Nikamweleza yote nikiwa naangalia sakafu.

Akasema, "Sawa."

Nikashtuka. Nikamuuliza sawa vipi. Akasema sawa tu, waje, atawapikia. Akaniuliza watakuwa wangapi. Akaniuliza kama na Tochi atakuwepo. Nikasema kwa bahati mbaya ndiyo.

Akasema vizuri.

Mwanamke mwema kuliko wote duniani. Lakini "vizuri" ile haikunikaa sawa.

Alhamisi, 14 Agosti

Sina hakika kama bado ni mfanyakazi wa Halmashauri. Naandika nikiwa uani, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Walikuja saa sita kamili. Mwenyekiti, mtu mkubwa wa sauti na tumbo. Wajumbe wanne. Mkurugenzi kavaa tai. Tochi na tochi yake. Kibao nilikiandika mwenyewe, kimekaa upande kidogo lakini kinasomeka.

Mke wangu kavaa nguo yake ya sikukuu. Kawapitisha jikoni kwanza. Mwenyekiti kaguna kwa furaha. Tochi akapiga magoti kama kawaida yake. Chini ya sinki. Nyuma ya kabati. Ndani ya bomba. Nikasubiri mlangoni. Nilisikia moyo wangu unagonga kama mtu anayedai kufunguliwa mlango.

Tochi akasimama, akazima tochi. Akasema miaka ishirini na mbili hajapata kuona jiko lisilo na kasoro hata moja, isipokuwa leo.

Nilitaka kuruka!

Wakakaa barazani wakala. Wakaongeza. Mwenyekiti akaongeza tena. Akamgeukia mke wangu, akamuuliza biashara hii ameianza lini.

"Mwaka wa kumi na moja huu," akasema.

Mwenyekiti akauliza kama wateja ni wengi.

"Mkubwa ni mmoja tu. Anakula asubuhi na jioni. Hajawahi kusema asante."

Wakacheka. Nami nikacheka. Nilikuwa nacheka kwa meno tu.

Mkurugenzi, kwa fahari yake, akauliza katika ile orodha ya thelathini na mmoja, huu ni mkahawa namba ngapi.

Mke wangu akafuta mikono kwenye kanga yake. Akasema polepole, kila mtu asikie:

"Yote."

Vijiko vikasimama hewani.

"Yote thelathini na mmoja ni hapa. Hili ni jiko langu. Hapa ni nyumbani kwetu, na huyo ndiye mume wangu. Walikuja hapa wote kupiga picha kwa sababu hakuna aliyekwenda kwao kutazama. Yeye mwenyewe Jumamosi kala kwa mmoja wao, na nusura nimzike. Nyie kuleni msiogope, hapa ni salama. Lakini watu wanaokula huko, nani anawatazamia?"

Mwenyekiti kanigeukia taratibu, kijiko mkononi. Rangi ya Mkurugenzi ilikuwa imehama. Mimi nilifungua mdomo. Ikatoka sauti kama ya mlango.

Tochi ndiye aliyenyanyuka kwanza. Akamwambia mke wangu kwamba chakula ni kitamu, na jiko ni mia kwa mia, lakini mkahawa usio na leseni sheria inautambua kwa njia moja tu. Akatoa kibandiko chekundu mkobani, akakilamba, akakibandika juu ya kibao changu: PAMEFUNGWA.

Mlangoni kwangu! Majirani wote wametoka nje!

Ijumaa, 15 Agosti

Hukumu imetoka.

Tochi ni Mkuu wa Kitengo. Mkurugenzi kaichana chati yeye mwenyewe. Mimi nimebakizwa kazini kwa sababu moja, nayo nimeisikia kwa mama wa chai: mke wangu ndiye kaniombea. Kamwambia Mwenyekiti kwamba mimi si mtu mbaya, ni mtu asiyetazama.

Ilinichoma kuliko kibandiko.

Leo tumezunguka na Tochi mikahawa yote thelathini na mmoja, kwa miguu. Mimi nilikuwa mshika tochi. Ishirini imefungwa mpaka isafishwe. Kwa Kipara yule kuku alikuwa amekwishaangua, vifaranga saba, vinakunywa maji ya vyombo. Kwenye mmoja tumekuta mama mzee analisha mjukuu wake kutoka kwenye chungu. Tochi akakimulika, akakifunika mara moja na kumchukua mtoto kutoka pale. Tulitembea mtaa mzima, tochi bado inawaka mkononi mwangu.

Jioni nikakuta mlango wa jikoni uko wazi. Nikaingia. Nadhani sijaingia mle tangu tuhamie. Mke wangu akanipa kisu na vitunguu sita bila kugeuka. Nikakata. Macho yakanitoka maji. Nikamwambia asante kwa chakula cha jana. Na cha juzi. Na cha miaka kumi na mmoja.

Akasema vitunguu nimekata vikubwa mno.

Lakini alicheka. Niliona mabega yake yakitikisika.

Jumanne, 19 Agosti

Pigo lingine! Halmashauri imemwomba mke wangu awafundishe wenye mikahawa usafi wa jiko. Wanakuja kwake makundi kwa makundi, na daftari. Kipara anakaa mbele kabisa. Nimepita ofisini nikasikia watu wakisema "yule mume wa Mwalimu". Nikageuka kumtafuta huyo mume. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Jumatatu, 25 Agosti

Tochi kanihamishia visima. Vipo arobaini, kuanzia bondeni mpaka kule kwenye machimbo ya kokoto. Natakiwa nikifikie kila kimoja, nichote maji kwenye chupa, nipeleke maabara. Kasema kutembea kutanisaidia kutazama.

Nimetazama. Nimetazama viatu vyangu, soli imeachia. Nimetazama ramani. Nikatazama chupa arobaini tupu kwenye meza yangu. Na hapo, Mungu wangu, nimepata!

Kwa nini mkaguzi aende kisimani? Safari hii si picha; picha zinadanganya, nimekubali. Lakini maji ni maji, huwezi kuyaigiza! Leo asubuhi wasimamizi wa visima walikuwa wameitwa ofisini, nimewagawia chupa, kila mmoja ya kisima chake, zirudi zimejaa kabla ya saa saba.

Nimeduwaa. Zimerudi zote arobaini! Nyingine zimerudi baada ya dakika tano tu, hata yule wa machimboni, mwendo wa saa mbili! Watu hawa sikuwajua wana mbio kiasi hiki. Na maji yenyewe ni meupe peee, hayana hata chembe. Nimeonja chupa saba. Ladha moja. Nimeanza kuandika ripoti: "Visima vyote vinaonyesha umoja usio wa kawaida."

Nitaipeleka kwa Mkurugenzi moja kwa moja, Tochi asiiingilie. Nilitaka kunawa uso kwanza, nikakuta bomba la uani kwetu ofisini limekauka kabisa. Mlinzi kasema tangu asubuhi lilikuwa na foleni ya watu wenye chupa.

Watu wengine hawana kazi.